Yaache Yakauke

Aliyekatazwa kula kwenye Meza ya Bwana ndiye aliyekifua kitambaa cha meza hiyo. Kila Jumatatu jirani yake Damaris alikileta kwa njia ya nyuma, akipitia mihogoni, amekikunja ndani ya kanga kama mtu aliyebeba mali ya wizi. Mbeyu alikipokea, akakamulia ndimu pale divai ilipodondoka, akanyunyiza chumvi, akakianika juani akasubiri. Wanawake wengine wa Umoja wa Akina Mama walikwisha kujaribu kazi hiyo. Mmoja alikitia jiki kikatoboka, mwingine alikirudisha na doa limekuwa pana kama kiganja. Basi baraza la wazee, lililomtenga Mbeyu kwa kauli moja, likaona ni heri kufumba macho.

Mbeyu mwenyewe alilicheka jambo hilo, kicheko chake cha siku hizi, kifupi na kisichofika machoni. "Mikono yangu wanaiona safi," alimwambia Damaris. "Kinywa tu ndicho kichafu."

Kinywa hicho ndicho kilichomponza. Mwaka uliotangulia, ukame uliishika Jilore hadi mahindi yakakauka yangali usawa wa magoti. Kanisa likatangaza juma zima la maombi ya mvua, na aliyeongoza maombi hayo alikuwa Mbeyu, kwa kuwa hakuna aliyejua kuomba kama yeye. Wengine walimwomba Mungu kwa maneno ya Jumapili, yaliyonyooshwa kwa pasi. Mbeyu alisema na Mungu kama jirani anayesema na jirani juu ya ua. Mvua ikaja. Ikaja kwa fujo, mchana na usiku, na katikati ya fujo hiyo Kadzo, binti yake wa pekee, akashikwa na uchungu wa kuzaa.

Gari walilolikodi kwenda hospitali ya Malindi lilikwama penye daraja dogo, maji yakipita juu yake, nyuma hakurudiki na mbele hakwendeki. Mtoto alizaliwa mle garini, akalia vizuri. Mama yake alitoka damu ambayo hakuna kanga iliyoweza kuizuia. Kabla macho hayajamlegea alisema, "Mama, mwanangu abatizwe." Mbeyu aliitikia. Mvua ilikuwa ikilipiga paa la gari kwa nguvu hivi kwamba ilimbidi aitikie tena, kwa kupaza sauti, na hakujua kama mara hiyo ya pili kulikuwa na mtu wa kumsikia.

Jumapili iliyofuata maziko, kanisa lilifanya ibada ya shukrani kwa ajili ya mvua. Ibada ilikwisha kupangwa, na watu wa kanisa ni wagumu kuliahirisha jambo lililopangwa. Katekista Masha, mzee aliyelitumikia kanisa hilo tangu ndevu zake zingali nyeusi, alisimama akasema kwamba aliyewaombea mvua ni dada yao Mbeyu, basi hata katika msiba wake na awaongoze kushukuru. Huenda alidhani anampa heshima. Mbeyu alisimama, kanga ya msiba kifuani, mtoto mgongoni.

"Sishukuru," alisema. "Amenipa mvua kwa mkono wa kulia, akanichukulia mtoto kwa mkono wa kushoto. Mtu wa namna hiyo sisi hapa tunamwita mwizi."

Wazee walikaa, wakasema neno lile ni kufuru. Mbeyu akatengwa: asishiriki Meza, asivae kitambaa cha buluu cha akina mama, akae benchi la nyuma mpaka atakapotubu mbele ya kanisa. Yeye hakukaa benchi la nyuma wala la mbele. Alibaki kwake. Mahindi ya mvua ile yalipokomaa, manene kuliko ya miaka mingi, aliyavuna yote akawamwagia kuku, na wapita njia walipomwuliza aliwajibu kwamba kuku hawana kinyongo.

Watu nao waliacha kumwita Mama Kadzo. Sijui walikuwa wakimhurumia au wakijihurumia wenyewe. Walirudia kumwita Mbeyu, jina la usichana wake, hata Damaris, na kila alipoitwa hivyo aliona kama Kadzo amezikwa tena.

Sasa mtoto alikuwa karibu kutimiza mwaka. Baba yake, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi za hoteli Watamu, alitoweka hata kabla tumbo la Kadzo halijaonekana, na hakuna aliyehangaika kumtafuta. Jina hakuwa nalo. Aliitwa mtoto, au mjukuu, au wewe bibi wewe. Jumatatu hiyo alikuwa amekaa mkekani akiufanyia mazoezi ufundi wake mpya, kupuliza mate kwa midomo mpaka yatoe povu, kisha kuyarusha mbali kadiri alivyoweza. Damaris aliketi kando yake, akajifuta goti lililolowa.

"Jumapili hii kuna ubatizo," alisema. "Kasisi mpya amekuja, anaitwa Joram, mtu wa Taita. Mlete mtoto."

"Mlezi wa mtoto ni mtu aliyetengwa," Mbeyu alijibu, kisu kikiendelea kumenya muhogo. "Mmesahau sheria zenu?"

"Hatukusahau. Mzee Masha asema utubu kwanza, ibada ile ile, kisha mtoto abatizwe. Maneno yenyewe ni machache. Unasema, nimemkosea Mungu na kanisa lake, naomba kurudi kundini. Basi. Hata chai haipoi."

"Na nikikataa?"

Damaris alikitazama kitambaa cha meza kilichokuwa bado mikononi mwake. "Ukikataa, mimi nitambeba. Nitasimama naye kama mlezi. Wazee wamelikubali hilo."

Kisu kilisimama. "Mjukuu wangu abebwe na jirani kama mtoto wa kuokota, na bibi yake yu hai, achungulie dirishani?"

"Uliahidi, Mbeyu."

"Niliahidi abatizwe. Sikuahidi kusema uongo."

"Uongo gani? Nani hajakosa?"

"Basi nitajieni kosa langu nami nilijue. Nilisema nilichokiona. Masha hakuwa ndani ya gari lile. Wewe hukuwemo. Mungu alikuwemo, na anajua kwamba sikumzulia."

Damaris alitikisa kichwa. Walikuwa marafiki tangu wakichota maji mtoni pamoja, na alijua wapi pa kusukuma na wapi pa kuacha. "Kiburi chako kingekuwa mahindi, mwenzangu, kijiji kizima kingeshiba. Na sisi tunakuhitaji, nikuambie kweli. Tangu uondoke hakuna anayejua kuomba. Mzee Masha akifumba macho kuomba, nasi twafumba, tukalala."

Mbeyu alitaka kucheka, akajizuia. "Na huyo Mungu asiyeweza kuambiwa neno moja," alisema, "amekaa mwaka mzima amenuna?"

"Aliyenuna ni nani, Mbeyu?" Damaris aliuliza, akajifunga kanga yake, akaondoka kupitia mihogoni bila kungoja jibu.

Swali hilo lilibaki pale uani siku nzima. Mbeyu alimwogesha mtoto, akampikia uji, akamlaza, na kazi zote hizo hazikulifukuza. Jambo lilikuwa limembana pande mbili. Akiyatamka maneno ya Masha, atakuwa amekiri mbele ya watu kwamba kifo cha mwanawe kilikuwa sawa, na kwamba kosa lilikuwa ni kulia kwa sauti. Asipoyatamka, atakuwa ameivunja ahadi ya mwisho ambayo Kadzo alimwomba. Njia zote mbili zilipita juu ya kaburi lile lile.

Alhamisi kasisi alikuja mwenyewe, kwa baiskeli, suruali imekunjwa hadi kwenye mashavu ya miguu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa kijana kuliko Mbeyu alivyomfikiria, na mwembamba, wa kupewa chakula kabla ya kupewa lawama.

"Shikamoo, Mama Kadzo."

Mbeyu alichelewa kuitikia. "Marahaba," alisema hatimaye. "Nani amekuambia jina hilo?"

"Kwani silo jina lako?"

Alimsogezea kigoda. Kasisi aliketi, akapokea maji, akayanywa yote. Mtoto alimtambalia mpaka miguuni, akakitazama kiatu kwa makini, akakipulizia mate. Kasisi hakuuvuta mguu.

"Umekuja kunifundisha maneno ya kutubu," Mbeyu alisema.

"Maneno ya mzee Masha ninayo. Nilitaka kuyasikia yako."

"Yangu ndiyo yaliyonitoa kanisani."

"Nimeambiwa. Ulimwita Mungu mwizi." Alilisema bila kushtuka, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Mtu mwingine, baada ya yaliyokupata, angesema Mungu hayupo. Kwa nini wewe hukusema hivyo?"

"Ningesemaje? Nimwite mwizi mtu asiyekuwepo?"

Joram alicheka, na Mbeyu akashangaa kwamba hakuudhika. "Basi yupo," kasisi alisema, "nawe umegombana naye. Sikiliza, mama, nikuambie jambo ambalo mimi mwenyewe nililisoma miaka mingi kabla halijanigusa. Mtume alipowasihi watu wa Korintho, hakuwaambia kwamba Mungu apatanishwe nao. Aliwaambia wao wapatanishwe na Mungu. Upande wake Mungu alikwisha kuja. Alikuja mpaka msalabani, na pale akapigwa na kila aliyekuwa na hasira. Mwenye hasira iliyobaki si yeye."

"Ni mimi."

"Ni wewe. Na ni sisi sote, ila wengi wetu tumeifunika kwa Amina."

Mbeyu alikuwa ametayarisha majibu ya aina nyingi, ya kukata na ya kuchoma, na hakuna hata moja lililofaa hapo. Badala yake alimkumbuka baba yake, mzee Dena, na neno ambalo tangu ujana wake hakuwahi kumwambia mtu wa kanisa.

Alikuwa msichana alipoolewa kanisani. Siku ya harusi watu wa dini walikataa mnazi, ile pombe ya minazi, usiletwe uani, na baba yake, ambaye kwa mila ndiye aliyepaswa kuunywa kwanza na kuwamwagia wazee wake waliotangulia, alikaa mbele ya rika lake mkono mtupu. Hakugomba. Alinyamaza tu, mwaka ukaingia mwaka, na Mbeyu hakushika mimba. Hospitali haikuona kasoro. Ndipo shangazi yake alipomwambia, nenda kamwulize baba yako ana nini moyoni. Kwa Wagiriama nyumba isipokalika, hatafutwi kwanza mwenye kosa. Hutafutwa mwenye uchungu, aketi aseme, na kusema huko huitwa kuhatsa.

Akaenda. Baba yake aliketi na kata ya maji mkononi, akamwambia yote: aibu ya siku ile, macho ya wenzake, jinsi alivyotembea kurudi nyumbani kama mtu aliyevuliwa nguo. Alipofika mwisho shangazi akasema, kuna jingine umelibakiza. Mficha uchi hazai, na mficha hasira hazalishi. Mzee akasema lile jingine, kwamba alimpenda Mbeyu kuliko watoto wake wote na ndiyo maana aibu ile ilimwuma. Kisha akapiga funda, akampulizia maji usoni na kifuani. "Kama ni hasira yangu iliyokufunga," alisema, "ikufungue." Mbeyu aliinua kanga ajipanguse, mzee akamshika mkono. "Usifute. Yaache yakauke yenyewe." Katika mwaka huo huo akaipata mimba ya Kadzo.

Hayo yote alimsimulia kasisi Joram, kichwa ameinamia mihogo, akingoja kukemewa.

"Kwetu Taita bibi yangu aliita kutasa," kasisi alisema. "Yeye alipuliza pombe ya miwa. Lakini ni hilo hilo."

"Nawe ni kasisi."

"Nilikuwa mjukuu kwanza." Alimwinua mtoto kutoka kiatuni, akampakata. "Je, hufanyiwa mtu yeyote? Hata mpita njia akikukosea?"

"Mpita njia wa nini? Mgeni akinikosea namwacha aende zake. Kuhatsa ni kwa mtu wa nyumbani."

Neno lilipokwisha kumtoka ndipo alipolisikia. Alimtazama kasisi, akaona kwamba naye amelisikia, na kwamba hatalisema. Hasira ilimpanda, ile ya mtu aliyenaswa na ulimi wake mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa akijidai kwamba amekwisha kumfungia Mungu mlango. Lakini mtu hamkalii mgeni na kinyongo mwaka mzima, akamsusia mpaka mahindi.

"Jumapili njoo na maneno yako," Joram alisema, akipanda baiskeli.

"Maneno yepi?"

"Sijui, mama. Mwenye hasira si mimi."

Jumapili kanisa lilijaa. Watu wa Jilore hawapendi kukosa toba ya mtu mwingine. Waliokuja kwa ajili ya ubatizo walikaa mbele, na waliokuja kumwona Mbeyu akipiga magoti walikaa popote walipoweza kuona vizuri. Aliingia akiwa amevaa kanga ile ile ya msiba, ambayo wengi waliikumbuka. Mgongoni alimbeba mtoto. Mkononi alishika kata ya kifuu iliyojaa maji ya mtungi wake, na alitembea polepole ili yasimwagike.

Wazee ndio walioielewa kata ile kwanza. Mnong'ono ulipita kwenye mabenchi yao, kisha ukapoa.

"Dada yetu Mbeyu ana neno la toba," katekista Masha alitangaza. Sauti yake haikuwa na ukali. Mzee huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba nyumba ya Mungu ikifunguliwa dirisha moja, paa litaondoka.

Mbeyu alimfungua mtoto mgongoni, akampa Damaris. Akasimama mbele ya Meza, mgongo kwa watu, uso kwa msalaba wa mbao uliokuwa ukutani. Kitambaa alichokifua kilikuwa mbele yake, cheupe, bila doa.

"Mungu," alisema, "ni mimi, Mama Kadzo. Nina neno nawe, na nitalisema mbele ya watu kwa kuwa mbele ya watu ndipo nilipokuita mwizi."

"Mama, maneno siyo hayo," Masha alisema kwa upole. Kasisi Joram aliinua kiganja, na mzee akanyamaza.

"Nilikuomba mvua. Sikukuomba kwa mdomo tu, nilipiga magoti mpaka yakachubuka. Ukanisikia. Kisha nikakuita garini. Nilikuita kwa majina yako yote niliyofundishwa, na mengine nikayatunga. Hukunisikia. Hilo halijaniingia akilini mpaka leo, na sitasema limeniingia ili watu hawa wapate kwenda kula. Mwanangu alipoa mapajani mwangu, nawe ulikuwa ukinyesha mvua."

Mtu mmoja nyuma alivuta pumzi. Mbeyu hakugeuka.

"Wakataka nikushukuru. Nikakataa, na hata leo nakataa. Nikarudi kwangu nikaacha kusema nawe, mimi niliyekuwa nikisema nawe hata nikichuma mchicha. Umeniachia nyumba kimya. Nimeyasikia majani ya minazi tu, mwaka mzima. Na hilo nalo nakulaumu."

Alidhani amefika mwisho. Kata ilikuwa imekwisha kupanda hadi kifuani. Lakini alikumbuka sauti ya shangazi yake, kuna jingine umelibakiza, na akajua kwamba lipo, na kwamba limekaa chini ya yote kama jiwe chini ya mtungi. Hakutaka kulisema. Alikuwa tayari kusimama hapo akigombana na Mungu mpaka jua litue kuliko kulisema. Akalisema, kwa sauti ndogo ambayo watu walilazimika kuinama kuisikia.

"Aliyeomba mvua ni mimi. Kinywa kilichoileta ni hiki. Nilikuita mwizi kwa sababu, kama si wewe uliyemchukua Kadzo, basi ni mimi niliyemtoa. Sikuweza kuamka kila siku na hilo. Nikakutwika wewe."

Mtoto mikononi mwa Damaris aliacha kujipinda.

"Hasira yangu ndiyo hiyo, yote. Sikubakiza. Naitema. Kama ndiyo iliyokufunga mikono nyumbani kwangu, ikufungue."

Akapiga funda, akapuliza. Maji yalitoka kama ukungu, yakaishukia Meza, yakakilowesha kitambaa na sakafu chini yake. Tone moja lilifika msalabani, likatiririka kwenye mbao taratibu.

Masha alisimama. "Kasisi, huu ni upagani. Babu zetu walipoingia humu waliviacha vibuyu mlangoni."

Mbeyu aligeuka sasa. Macho yalikuwa mekundu lakini shingo ilikuwa wima. "Waliviacha vibuyu, mzee Masha. Hasira waliingia nazo."

Damaris, ambaye hawezi kuona maji yamemwagika asitafute kitambaa, alikuwa amekwisha kuja mbele, mtoto kwenye nyonga, leso mkononi, akaanza kuinama juu ya Meza ili aikaushe.

"Yaache yakauke," kasisi Joram alisema.

Mbeyu alimtazama. Katika mwaka ule wote hakuna neno lililomgusa kama hayo mawili. Damaris alirudi nyuma. Kutoka kwenye benchi la wazee Masha alianza kuondoka, fimbo ikigonga sakafu, mpaka mlangoni. Hapo alisimama. Mguu mmoja ulikuwa ndani na mmoja nje, na mkono umeshika mwimo, na hakuna aliyejua kama anaondoka au anangoja.

"Una la kuongeza, mama?" kasisi aliuliza.

"Langu limekwisha. La kwake namsubiri."

"Basi tumlete mtoto."

Walisogea penye birika la ubatizo, lile la jiwe ambalo Kadzo mwenyewe alibatiziwa. Mbeyu alimpakata mjukuu wake, akamvua kofia. Kasisi aliuliza jina.

"Kadzo."

Minong'ono ilianza tena, maana wengi walitarajia jina la Biblia. Kasisi hakudai jingine. Alichota maji kwa kiganja, akammwagia mtoto kichwani kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji yalishuka kwenye paji la uso, yakafuata pua, yakaingia kinywani. Mtoto hakulia. Aliyashika mdomoni, mashavu yakamjaa, akamtazama bibi yake kwa macho ya mtu anayepima umbali. Kisha, kwa ufundi wote alioujifunza mkekani, akampulizia.

Maji yalimpata Mbeyu usoni na kifuani. Damaris aliangua kicheko, akakikata katikati, mkono mdomoni. Wazee waliokuwa wakinong'ona waliacha. Pale mlangoni, fimbo ya Masha ilikuwa imeacha kugonga.

Kasisi alimnyooshea Mbeyu taulo ndogo. Aliipokea. Alimkausha mtoto kichwa, akamkausha masikio na mikunjo ya shingo, bila haraka, kama anavyokausha mtu mwenye kazi ya kurudia kesho. Akairudisha taulo. Kisha akatembea mpaka benchi la mbele, akaketi, akamweka Kadzo mapajani. Maji yalimshuka kwenye mashavu hadi kidevuni, yakadondokea kanga ya msiba, na hakuyafuta.